Uso wa Kujaribia

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa juu ya ngazi, mkono mmoja umeshika kitambaa cha jukwaani, mwingine umeshika simu, na mume wangu ananiambia maneno ambayo mke mwingine angeyapokea kwa shangwe.

"Mama Chiriku, kesho namleta mama aje aone kazi yako."

Sikuanguka. Laiti ningeanguka, ningepata sababu ya kulazwa.

Wewe uliyenikuta njiani leo, sogea karibu nikueleze haraka kabla mambo hayajachacha.

Kazi yangu ni kupanga mandhari ya jukwaani. Ukienda kutazama mchezo ukaona nyumba, ngazi na mlango, ujue kuna mtu alikaa chini akavichora kabla seremala hajashika msumeno. Siku hizi tunaongeza na picha. Tunazimulika kwa projekta juu ya vitambaa, na ukuta mtupu unageuka msitu, au moto, au uso wa mtu.

Nimeyajua haya kwenye masomo ya jioni, na nisingeyajua kama si mama mkwe. "Nenda kasome," aliniambia. "Mtoto niachie, ukirudi utanikuta." Na kweli, kila nikirudi nilimkuta, na binti yangu keshaogeshwa, kalala fofofo. Binti mwenyewe tunamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi, kwa hiyo kumlaza tu ni kazi ya mtu mzima na nusu.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ndiyo hii opera, mchezo ambao watu hawasemi, wanaimba. Ni habari ya mfalme aliyekaa vitani mpaka mama yake akafa bila kumwona. Sehemu ya mwisho mfalme anarudi, na uso wa mama yake aliyekufa unajaa jukwaa zima, mkubwa kama nyumba, macho yamefumbwa. Mfalme anaupanda kama anavyopanda mtu kilima, akiuomba msamaha.

Na uso huo, jamani, ni wa mama mkwe wangu.

Mama mkwe aliye hai, mzima wa afya, anayekula akashiba na kuuliza kama kuna kilichobaki.

Ilianza kama jambo dogo. Nilihitaji uso wowote wa mwanamke mtu mzima ili nijaribie vitambaa. Katika kazi yetu hilo ni la kawaida. Unaweka picha ya kujaribia leo, kesho unaitoa unaweka yenyewe. Mchana mmoja nikafika nyumbani nikamkuta mama amesinzia kwenye kochi, Chiriku amemlalia mapajani. Nikatoa simu, nikarekodi. Kazini nikaipunguza picha mwendo, nikaipunguza tena, mpaka pumzi zikapotea na uso ukatulia kama wa mtu ambaye hataamka.

Ile kesho ya kuitoa haikufika. Mwongozaji wetu, tunamwita Madamu, aliuona uso ule juu ya kitambaa akashika kifua. "Huyu ndiye," akasema. "Asiguswe."

Sasa mseme nilikosea wapi hasa. Nitawaambia mwenyewe.

Mwaka jana mama mkwe aliugua sana. Ndugu walijaa chumbani, na mimi nikiwamo. Alifumbua macho akatukuta tumemzunguka tunamwangalia, hakuna anayesema. Alipopona akatoa amri moja tu nyumbani kwetu: "Asiniangalie mtu nikiwa nimelala. Siku ile nilipowaona nilijua mmeshaniaga."

Tangu hapo mchana halali mbele ya mtu. Ila kwa Chiriku husinzia, kwa sababu Chiriku hamwangalii, analala naye.

Mimi ndiye niliyemwangalia. Nikamwangalia na kwa simu.

* * *

Jioni ile, baada ya simu ya mume wangu, nilirudi nyumbani nimeazimia kusema.

Nilimkuta mama anapiga pasi gauni lake la kutokea. Alikuwa akiimba kidogo kidogo.

"Mama, ule mchezo wenyewe ni mrefu," nikaanza. "Unachosha."

"Nimechoshwa na mangapi, nitashindwa na nyimbo?"

"Halafu kuna giza."

"Nitamshika mwanangu mkono."

"Na tena... una mambo ya msiba ndani yake."

Pasi ikasimama. "Msiba wa nani?"

"Wa mama yake mfalme."

"Aa, wafalme!" Pasi ikaendelea. "Hao wana watu wa kuwalilia."

Nikavuta pumzi nianze upya. Akaniwahi.

"Nimewaambia majirani naenda kuona kazi ya binti yangu. Yule wa mlango wa pili si akaniuliza, binti yako au mkwe wako? Nikamwambia, wewe umekuja kunijulia hali au kunihesabia watoto?"

Akacheka mpaka akakaa. Akalinyanyua gauni, akalikung'uta, akaliangalia kwenye taa kama bado lina mkunjo.

Nikaenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

* * *

Asubuhi nilimkuta Madamu amekaa katikati ya ukumbi, penseli mdomoni kama kawaida yake. Saa kumi alasiri watu wa kwanza wangeingia. Lilikuwa onyesho la majaribio, la ndugu zetu na waandishi wa habari.

"Madamu, naomba tuutoe ule uso."

"Uso upi?"

"Wa yule mama. Nimepata mwingine mzuri zaidi."

Akatoa penseli mdomoni. "Leo?"

"Leo."

"Mama Chiriku, umelala kweli wewe?"

"Sikulala."

"Inaonekana. Sikiliza. Nimeongoza michezo mingi, na kila anayeigiza kufa anakaza taya kama yuko kwa daktari wa meno. Yule mama hakukaza kitu. Yule hakuigiza."

"Ni kweli," nikasema. "Hakuigiza."

"Na si uliniambia ameridhia?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi, mtu hayupo, na Madamu amenikodolea macho akingoja.

"Ndiyo, Madamu," nikasema. "Ameridhia."

"Basi. Akigeuza mawazo, mlete mwenyewe aniambie hapa hapa. Vinginevyo uso hautoki. Atakayetoka ni mwingine."

Sikuuliza huyo mwingine ni nani.

Nikamfuata fundi taa wetu, mwembamba mrefu, ambaye kila mtu humwita Waya. Akaniangalia mara moja tu.

"Wewe una sura ya mtu aliyemeza betri."

"Waya, yule mama wa kwenye kitambaa ni mama mkwe."

"Mama mkwe wa nani?"

"Wangu! Anakuja leo. Hajui."

Waya akakaa chini, palepale kwenye nyaya zake. "Mama mkwe umemfanya maiti?"

"Punguza sauti."

"Mimi wangu hata nikikutana na picha yake ukutani naiamkia."

"Nisaidie, Waya. Usinicheke."

"Sicheki, dada. Natetemeka kwa niaba yako."

Tukakubaliana. Madamu akienda kula, tutarekodi uso mwingine haraka na kuuweka mahali pa ule. Kazi ikishaanza mbele ya waandishi, hataweza kusimamisha. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe baadaye. Mama asione, hilo ndilo nililolitaka.

Uso wenyewe ulikuwa karibu. Mama Mavazi, anayetushonea na kutuvalisha, ni mtu mzima, ana mvi nzuri na mashavu yaliyotulia. Nikamweleza.

"Unataka nife?"

"Kidogo tu, Mama."

"Na miwani au bila miwani?"

"Bila."

"Bila miwani nitajuaje kama nimekufa vizuri?" Akajilaza juu ya rundo la makoti. "Nipige upande huu. Upande ule nina chunjua."

Alikufa vibaya sana. Kila tukianza kurekodi, kope zilicheza, halafu tumbo, halafu akacheka kabisa. Waya akamwambia afikirie jambo la huzuni. Akafikiria bili ya umeme, akakunja uso kama anayeonja limau. Mwishowe tukapata kipande kifupi kilichotulia. Nikakiweka kwenye kompyuta, nikakipunguza mwendo, nikakimulika.

Jamani.

Pua ya Mama Mavazi iliteremka ikakaa mahali pa mdomo. Jicho moja liliangukia mlango wa ngome ya mfalme. Kidevu kilikatika, nusu yake ikaning'inia hewani juu ya kitambaa cha nyuma.

Mama Mavazi akavaa miwani. "Ndivyo nilivyo?"

"Hapana, Mama. Ni ngazi."

Na nilipolitamka hilo, nikakumbuka.

Ni ngazi. Miezi ile seremala alipoanza kazi aliniuliza kile kilima cha kupandwa na mfalme kiwe na umbo gani. Nilikuwa na uso mmoja tu mkononi, ule wa kujaribia. Nikampa vipimo vyake. Paji la uso likawa ukingo wa juu, pua ikawa ngazi za katikati, shavu likawa mteremko. Picha na mbao vikakubaliana kama mkono na glavu. Nilijisifu sana siku hiyo.

Sasa hakuna uso mwingine duniani ungekaa pale.

"Basi zima projekta kabisa," Waya akasema. "Niweke taa ya kawaida ya pembeni. Watu waone mbao tupu."

Akazima. Akawasha taa ya pembeni. Mwanga ukapita juu ya mbao na kuacha vivuli vyake, na sote watatu tukasogea mbele kutazama.

Paji la uso. Pua. Midomo iliyoachana kidogo. Kishimo cha kidevuni ambacho mume wangu anacho na Chiriku anacho.

Sikuwa nimempiga picha tu. Nilikuwa nimemjenga.

"Huyu hatoki," akasema Mama Mavazi taratibu. "Huyu labda mumletee fundi na shoka."

Nje ya ukumbi tukasikia sauti ya Madamu amerudi. Waya akairudisha picha ya mwanzo haraka, na uso ukakaa mahali pake, umetulia, umependeza, unatisha.

"Kuna viti vya pembeni," Waya akaninong'oneza.

Nilikuwa nimesahau. Picha hizi huchorwa kwa ajili ya mtu aliyekaa katikati. Ukikaa pembeni kabisa, kushoto mwa ukumbi, uso unavutika, unakuwa vilima na mabonde tu. Wanaokaa kule hulalamika kila mara kwamba hawakuelewa kitu.

Kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa viti vibaya.

* * *

Walikuja mapema. Gauni la mama mkwe limenyooka, kilemba kimefungwa juu, miwani ya kuonea mbali. Mume wangu kavaa shati la harusi yetu, limembana tumboni. Chiriku kanirukia shingoni.

"Mama, Bibi kaninunulia ubuyu!"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mikono ya baridi?"

"Ni viyoyozi."

Nikawapeleka kushoto, mwisho kabisa, karibu na mlango wa kutokea.

Mama mkwe akakiangalia kiti, akaliangalia jukwaa, akaniangalia. "Hapa ndipo kwa wageni, au ndipo kwa wanaodaiwa?"

"Hapa pana hewa, Mama."

"Si ulisema viyoyozi?"

"Kule katikati si kuko wazi?" mume wangu akadakia. "Mbona unatuficha?"

"Kule ni kwa waandishi."

"Waandishi gani? Wako wawili na mmoja kalala."

Nilikuwa naanza kumkanyaga mguu aniache, nikasikia harufu ya penseli na manukato nyuma yangu.

"Hawa ndio wa kwako?" Madamu akauliza. "Na huyu ni mama?"

"Mama mkwe wangu," nikasema.

Madamu akampa mkono. Kisha hakuuachia. Alimwangalia mama mkwe machoni, akamwangalia tena.

"Tumewahi kuonana, mama?"



"Labda hospitali," mama mkwe akasema. "Foleni ya dawa. Kule sote tunaonana."

"Labda," Madamu akasema. Akatabasamu. Macho yakiwa wazi, miwani juu na kilemba kimekaa, uso wa mtu ni mwingine kabisa. Hakumtambua. Nikaanza kupumua.

Nikapumua mapema mno.

"Lakini mama yetu hakai huku pembeni kama aliyekuja kuuza karanga! Njoo, mama. Njoo nikuketishe."

"Madamu, hapa pana hewa..."

"Mama Chiriku, mtu aliyekulelea mtoto ukasoma, unampa kiti cha kona?"

Akamshika mkono, akamvusha safu zote, akamkalisha katikati ya katikati, mume wangu na Chiriku wakafuata wakakaa ubavuni pake. Nakijua kiti hicho. Ni changu. Ndicho ninachokalia ninapopanga picha, kwa sababu ukikaa hapo kila mstari unaangukia mahali pake.

Mama mkwe aligeuka kutoka mbali akanipungia mkono. Alifurahi kama bibi harusi.

* * *

Mimi na Waya tulikaa kwenye meza yetu nyuma ya ukumbi, projekta juu ya vichwa vyetu. Sehemu ya kwanza ikapita, ya vita. Ya pili ikapita. Mama mkwe alipiga makofi mahali pasipopigwa, na watu wakamfuata.

Sehemu ya mwisho ikaanza kwa giza.

Mfalme wetu ni mtu mkubwa mnene, tunamwita Ngurumo. Akiimba viti vinatikisika, lakini akiongea ana kisauti chembamba utadhani anaomba chumvi kwa jirani. Akaingia gizani, akaanza kupanda ngazi. Kidole changu kikabonyeza. Uso ukaanza kutokea, pole pole, kama kitu kinachopanda kutoka chini ya maji.

Ukumbi mzima ukavuta pumzi.

"Bibi!"

Ilikuwa sauti ya Chiriku, wazi, ya furaha.

"Bibi kalala!"

Watu wachache wakacheka. Mtu akasema "shh." Kidole changu kikaenda kwenye kitufe cha kuzima.

Waya akanishika mkono. "Usizime."

"Niachie."

"Ngurumo yuko juu ya pua! Hana mwanga mwingine, mwanga wake ni huo uso. Ukizima anaanguka na kilo zake zote."

Nikautazama ule uzito wa mtu, pale juu kabisa ambapo seremala hakuweka kishikio kwa sababu mimi nilisema kitaharibu sura. Nikatoa kidole.

Katikati ya ukumbi mtu akasimama.

Kabla hajasimama vizuri, kichwa kikaingia kwenye mwanga wa projekta. Kivuli chake, kilemba na miwani, kikaruka mpaka jukwaani kikaangukia juu ya uso ule mkubwa. Mama mkwe alikuwa amesimama akiutazama uso wake, na kivuli chake kimeuziba mdomo.

Ngurumo akaacha kuimba katikati ya neno. Fidla zikanyamaza moja moja, kama watu wanaotoka chumbani kwa adabu.

"Mama?" akasema mama mkwe.

Sikuwahi kumsikia na sauti ile. Ilikuwa ya mtoto.

Kisha akageuka, akaweka mkono juu ya macho kukinga mwanga. "Mkwe wangu yuko wapi?"

Nilishuka zile ngazi za ukumbi sijui kwa miguu ya nani. Nilijua kinachonisubiri. Kofi ningelipokea. Nilichoogopa ni yale maneno: mmeshaniaga.

Nikafika. Nikapiga magoti pale kwenye njia katikati ya viti.

"Mama, nisamehe."

Akaushika uso wangu kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanateremka chini ya miwani, wala hakuyafuta.

"Umempata wapi?"

"Nani, Mama?"

"Mama yangu."

Sikuelewa. Nilidhani ni mimi nisiyesikia.

"Alikufa mimi niko mbali, nina huyu tumboni." Akamwonyesha mume wangu. "Nikafika wameshazika. Picha yake ilikuwa moja tu, ikaliwa na mvua kabla mwaka haujaisha. Miaka yote hii namtafuta kichwani simpati, nampata mkono, nampata nguo, uso siupati. Na wewe umempata."

"Mama..."

"Ona kidevu! Ona mdomo unavyokaa! Nimelala naye kitanda kimoja mpaka naolewa. Mimi nilimjua akiwa amelala kuliko akiwa macho."

Nikageuka nikautazama uso ule, kisha nikamtazama mwenye uso. Ndipo akili ikanifungukia. Nani anajijua akiwa amelala? Kioo hakikuonyeshi. Mama mkwe hakuwahi kujiona macho yamefumbwa, na tangu alipougua hakumruhusu mtu hata amweleze. Amezeeka akaufikia uso wa mama yake, na hana habari.

Watu walianza kupiga makofi. Walidhani ni sehemu ya mchezo, au hawakujali. Madamu alikuwa ameuma penseli machozi yakimtoka. Ngurumo akateremka kutoka puani kwa tahadhari, akaja mpaka ukingoni mwa jukwaa na taji lake.

"Shikamoo, mama," akasema kwa kile kisauti chake.

"Marahaba, baba. Umemwimbia vizuri. Mimi sikuwahi hata kumlilia mbele ya uso wake."

Akanigeukia. Alikuwa anatabasamu sasa, uso umelowa wote.

"Jumapili nawaita ndugu zangu. Wote, mpaka wale tulionuniana. Kaka mkubwa haoni vizuri, lakini mama wa ukubwa huu atamwona tu. Na mimi unitengenezee wa kutundika sebuleni. Nimwamkie kila asubuhi."

"Sawa, Mama," mdomo wangu ukasema wenyewe.

Mume wangu akanivuta kidogo pembeni, Chiriku begani. Alikuwa hajaondoa macho kwenye jukwaa.

"Ile ni shingo ya mama," akasema chini chini. "Lile kovu la mafuta yaliyomrukia, nilikuwepo."

"Najua."

"Ulimrekodi amelala."

"Ndiyo."

"Wewe! Unayajua aliyoyasema mwaka jana."

"Nayajua, Baba Chiriku. Nimwambie?"

Akamhamishia Chiriku bega la pili. "Ukimwambia unamfishia mama yake tena, leo hii, mbele ya watu."

"Nisipomwambia?"

Alimtazama mama yake, ambaye alikuwa anamwonyesha mwandishi mmoja ule uso kwa kidole, pale, na pale, na pale, mwandishi anaandika.

"Usipomwambia," akasema, "atajitundika mwenyewe sebuleni, maiti, awe anajiamkia kila asubuhi. Halafu Jumapili aje kaka yake mkubwa amwambie, huyu si mama, huyu ni wewe."

Mwandishi akafungua ukurasa mpya. "Na marehemu alikuwa anaitwa nani, mama?" akauliza.

Nikawahi. Nilipita kati ya viti, nikamshika mama mkwe mkono kabla hajajibu. Mkono wake ulikuwa wa moto, wangu bado wa baridi.

"Mama," nikasema, "kaa kwanza. Nina neno."

Tabasamu halikuondoka lote, lilibaki upande mmoja. Alimtazama mume wangu, akamwona ameinamisha kichwa. Akanitazama mimi.

Hakukaa.

"Neno gani hilo," akauliza, "la kuambiwa nimekaa?"